Othmar Joakim Kapinga na Mteremko wa Ukata, 1965–1996

Tunayemsindikiza leo ni Othmar Joakim Kapinga, aliyezaliwa tarehe 9 Novemba 1965 Litembo, mtoto wa kwanza wa marehemu mzee Joakim Kapinga na Kunigunda Ndunguru. Kunigunda ni mimi niliyeandika maneno haya. Wanafamilia walisema mama ndiye anayemjua zaidi. Sina hakika.

Alisoma shule ya msingi hapa Ukata, kisha sekondari Songea hadi mwaka 1983, na baadaye akasomea bustani Arusha. Watu wakiniuliza anasomea nini, nilijibu kilimo. Kusema mtu mzima anasomea maua niliona haya.

Tangu mwaka 1988 alifanya kazi Dar es Salaam, akichora bustani za hoteli na ofisi. Mwaka 1994 ile nyumba ya zamani ya shamba la kahawa, juu ya kijiji, iliuzwa pamoja na mali nyingine za umma, akainunua Bwana Nazari. Alikuwa na picha ya bustani ya nyumba hiyo ilivyokuwa wakati wa Wajerumani, akataka irudi vile vile. Alimpa Othmar kazi hiyo, na Othmar, kwa kuwa alikuwa mbali, akanifanya mimi macho yake. Yeye aliandika barua, mimi nilisimamia vibarua, kisha nilimjibu nilichokiona.

Tatizo lilikuwa mteremko ulio mbele ya nyumba. Kwenye picha ni nyasi tupu. Lakini tangu shamba liachwe, sisi wanawake tumechimba ngoro pale, mashimo yetu ya kulimia kilimani, na ndipo tunapopata maharage. Barua ya kwanza ilisema ngoro zote zifukiwe, zipandwe nyasi. Tukaanza juu. Ya pili ikasema za chini tusiziguse. Ya tatu ikasema hata za juu tuzichimbe upya, halafu mwishoni ikasema tusubiri. Emiliana, jirani yangu mwenye ngoro pale, akiniona na bahasha aliniuliza, "Mama Othmar, leo mtoto kaandikaje? Tunafukia au tunafukua?" Wenzake walicheka. Mimi sikuweza, maana huku ni kazi ya mwanangu, huku ni chungu cha jirani.

Tarehe 14 Desemba 1991 alikuwa amefunga ndoa na Edina, binti kutoka Mbaha, kule ziwani. Wenzetu ni Waanglikana, sisi Wakatoliki. Maneno yalikuwepo, yakaisha. Siku ya kwanza ukweni, baba mkwe alimuuliza anafanya kazi gani.

"Napanda nyasi, baba."

Mzee akamjibu: "Sisi huku tunazing'oa."

Kuanzia hapo walipatana.

Alianza kuugua kifua Agosti 1995. Februari mwaka huu alirudi nyumbani, akaendelea na matibabu hospitali ya Litembo. Mwishoni mwa Machi aliomba kupelekwa kilimani. Mimi na Edina tulimshika mikono hadi mteremkoni, akaketi kwenye tuta. Bwana Nazari alikuwepo, akaninong'oneza nimuulize. Nikasema, "Baba, tufukie au tuache?" Aliutazama mteremko hadi chini. Kisha akasema, "Mama, mbona mmechelewa kupanda maharage?"

Hadi leo sijui kama lile lilikuwa jibu, au ni mgonjwa tu aliyeona msimu unapita. Mmoja wenu ananiambia hivi, mwingine vile. Sisi tulipanda.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Mei 1996, asubuhi, nyumbani.

Ameacha mjane, Edina. Watoto wawili, Ladislaus na Luisa. Dada yake Notburga. Na mimi mama yake. Ameacha pia mteremko ambao haujaisha. Maharage yametoa maua. Bwana Nazari, upo hapa nasi, nakuomba mbele ya watu hawa: tuache tuvune kwanza. Baada ya hapo tutazungumza, ingawa wa kumwandikia sina tena.

Mungu ampe Othmar pumziko lenye amani.