Jiwe Lisilale kwa Mnunuzi

Sikilizeni wanangu, maana pumzi hizi nazivuta kwa kuazima. Warda, nitilie mto mgongoni. Abdulwahab, kaa chini, babangu, usisimame kama mwenye safari. Mwenye safari hapa ni mimi.

Mirathi sitaigawa, Mwenyezi Mungu keshaigawa, na anayetaka kuzidishiwa fungu abishane naye Yeye. Shamba la Kinondo mwajua mipaka yake, na duka letu hili la Kombani ni lenu. Nataka kusema juu ya kitu kisicho changu, nanyi mmeshaanza kukiita chetu: lile jiwe la kupimia mizani, lililo chini ya kitanda hiki.

Mwakumbuka soko lilivyokuwa. Wakulima walishuka na mbata, nazi zao walizozikausha, na korosho tangu alfajiri, wakatuchagua sisi wanunuzi kama tuchaguavyo samaki, kwa kuwa aliyeitilia shaka mizani ya mtu alikwenda kwa Mutinda fundi cherehani, akaazima jiwe, akalitundika mbele ya watu. Jiwe la kilo ishirini likisoma kumi na nane, mnunuzi huyo hakuwa na pa kuuficha uso. Wazee walimpa Mutinda alitunze kwa sababu hakununua mbata wala hakuuza, na kwa kuwa ni mtu wa bara, hana mjomba wala shemeji sokoni wa kumwonea haya. Nilinung'unika mimi, mgeni atushikie jiwe! Kumbe jiwe hilo ndilo lililonineemesha, maana mkulima aliyeniamini hakuniletea mbata mbichi wala hakunitilia mchanga guniani.

Mtaniambia upo muhuri wa serikali. Afisa huja, akanywa chai yake, akaigonga mizani muhuri bila kuitazama. Mkono mtupu haulambwi. Hata mtoto anayetumwa chumvi hauamini muhuri ule.

Kisha zikaja vurugu za mwaka juzi, watu wa bara wakafukuzwa. Mutinda alikimbia na cherehani kichwani, akanipitia, akaniambia, "Mzee Chande, nitunzie hili mpaka nirudi." Tangu siku ile soko linakufa nasi twalitazama. Mwasema ni hoteli kufungwa, ni barabara mbovu. Sikatai, lakini mbona magari ya mbata yanatupita hapa mlangoni yakenda kuuza mbali? Nani atakubali kupimiwa kwa jiwe linalolala chini ya kitanda cha mnunuzi? Kesi ya ngedere, hakimu nyani. Wanunuzi wamechezea mizani zao, wakulima wanalowesha mbata, na kila mmoja anajiona mjanja, na wote twalala njaa.

Nawe Abdulwahab ulifurahi. Ulisema, "Baba, jiwe tunalo, sasa watatujia wapende wasipende." Ukavunja kufuli la chumba alichoshonea Mutinda, ukatia lako, ukapanga magunia yetu ndani. Nilikukataza, ukanijibu kuwa mwenyewe harudi. Iliniuma, na yaniuma kuliko kifua hiki.

Jana amerudi. Alikuja na bintiye Kavenya kunijulia hali, akasimama pale kizingitini, mtu aliyekuwa akila sinia moja nami, hakuingia mpaka nilipomwita. Jiwe aliliona. Hakulidai, wala chumba hakukitaja. Aliniuliza maumivu yangu tu, nikatamani ardhi inimeze.

Sasa shikeni. Magunia yatoke chumbani kwake leo, si kesho... Maji, Warda... Ahsante, mwanangu. Ufunguo mpelekee wewe, Abdulwahab, kwa mkono wako, na shikamoo yake umpe, maana ni babako. Jiwe libebwe mchana huu huu, katikati ya soko, watu waone. Akilikataa mbembelezeni mpaka alipokee. Na msilichukue tena, hata mkiambiwa ni amana.

Najua mwawaza, tumzike baba kwanza. Hapana. Nendeni ningali hai, mniache na mama yenu, na dirisha mlifungue. Nataka nisikie... wakilitundika kwenye mizani yetu, ya kwanza iwe yetu. Ikipunja, semeni kwa sauti, nami nisikie.

Mungu awape riziki ya kulia mlango wazi. Awatie... awatie haya, haya ni ngao. Radhi zangu mnazo, nyote wawili.

Abdulwahab... bado umekaa? Inuka, babangu. Jiwe lile zito. Mwite Mutinda... mlibebe pamoja.