Kamba Niliyoikataa Baharini

Bwana asifiwe, ninyi wa kanisa la Bigo, hapa Bunia! Na asifiwe tena, kwa sababu mimi ninayesimama mbele yenu nilipaswa kuwa chini ya maji, mahali ambapo hakuna mtu angeniimbia hata wimbo mmoja wa maombolezo.

Ndugu zangu, wazee wananijua. Mimi ni Deo, mtoto wa yule mfugaji mwenye kicheko kikubwa. Papa, baba yangu, alinisomesha mpaka nikamaliza sekondari, na aliniomba mambo matatu tu: nioe, nijenge, nikae. Kuoa, nilioa. Kujenga, nilianza. Kukaa kulinishinda! Nilienda msituni Mambasa kwenye mbao, nikaenda Nizi kwenye dhahabu, nikavuka Uganda, na kila niliporudi miguu iliniwasha. Papa akinisema, nilimjibu mbele ya watu: "Papa, miye siko ng'ombe ya kufunga kamba!" Watu walicheka. Mimi nilicheka kuwapita wote.

Siku niliyoondoka mara ya mwisho, mke wangu, mama ya Dorcas, alisimama mlangoni, mtoto wetu amefungwa mgongoni kwa kitenge. Aliniuliza, "Unarudia lini?" Nikajibu, "Noeli." Motari alikuwa ameshawasha pikipiki. Noeli ngapi zilipita baada ya hapo, sitaki kuzihesabu hapa.

Miguu ilinifikisha Cape Town, Afrika Kusini, nikapata kazi bandarini ya kusugua boti za matajiri. Huko alikuja mama mmoja Mfaransa, mjane mwenye nywele nyeupe, akitafuta mtu wa kumsaidia kuvuka bahari mpaka Brazili kwa boti yake ya tanga, boti ndogo inayosukumwa na upepo. Akaniuliza kama najua maji. Nikamwambia wajomba zangu ni wavuvi wa Kasenyi, na likizo zangu zote nilizimaliza ndani ya mtumbwi, Ziwa Albert. Nilimwita Mama Kapiteni. Nilifurahi sana! Niliona ndiyo safari niliyozaliwa kwa ajili yake.

Ndugu zangu, bahari ile haina ng'ambo. Unaamka, maji. Unalala, maji. Boti imelala ubavu wiki nzima, na wewe unapika, unakula na kuomba ukiwa umeinama. Vyombo tuliviosha kwa maji ya chumvi, ya kunywa tuliyapima kwa kikombe. Tulipokezana zamu usukani: yeye akilala, mimi natazama upepo. Asubuhi tuliokota samaki wenye mabawa walioruka wakaangukia juu ya boti, nikawakaanga. Na katika uzuri wote ule, nilianza kutamani sombe, yale majani ya muhogo ya kwetu. Nilitamani harufu ya vumbi la Bigo mvua ya kwanza inapoligusa. Nilipokuwa Bunia nilitamani bahari, na baharini nikatamani Bunia. Hiyo ndiyo iliyokuwa roho yangu!

Mama Kapiteni alikuwa na sheria moja. Ukiwa nje, vaa mkanda wa usalama wa kifuani, na ndoano ya kamba yake uitie kwenye boti. Nilikataa. Kwetu ziwani, mtumbwi ukipinduka unaruka mbali nao. Nani atajifunga kwenye kitu kinachoweza kuzama? Nilimwambia hivyo. Akanitazama.

"Deo, kwenye ziwa lenu, ukianguka kuna mtumbwi mwingine nyuma. Hapa nyuma yako kuna nani?"

"Mungu," nikasema, nikijiona mjanja.

"Basi mwombe ajifunze kugeuza tanga."

Nilivaa mkanda ili anyamaze. Akinitazama, natia ndoano. Akishuka ndani kulala, naitoa.

Siku yenyewe jua lilikuwa linawaka vizuri. Nilikaa nje nikimenya viazi. Mama Kapiteni alipita nyuma yangu, nikasikia "ka!" Alikuwa ameninasa ndoano bila kuniuliza. Nilikasirika. Lakini mkono mmoja ulikuwa na kiazi, mwingine una kisu. Nikasema moyoni, nikimaliza nitaifungua. Nilipomaliza, nikasimama kwanza ili nimwage maganda. Wimbi likatupiga ubavuni, na mimi nikaenda pamoja na maganda yangu.

Bwana asifiwe! Kamba ilinikata kifua, ikakaza. Boti ilinikokota, maji yakiniingia puani. Nililia "Yesu!", na sikuona malaika. Niliona mlango wa nyumba yangu na Dorcas mgongoni mwa mama yake, amefungwa kwa kitenge, ametulia, akinitazama ninavyokwenda. Yule mama mzee, peke yake, alilegeza tanga, boti ikapunguza mwendo, akanivuta kidogo kidogo kwa mashine ya mkono ya kuvutia kamba. "Shika! Usiniachie, kichwa ngumu wewe!" Nikalala juu ya boti kama samaki wale wa asubuhi. Nililia, naye akarudi kuokota viazi vilivyobaki.

Brazili sikukaa. Mshahara wangu wote niliununulia tiketi ya kurudi.

Ndugu zangu, Mungu aliniokoa mimi, lakini miaka hakuniokolea. Papa nilimkuta kaburini. Mama ya Dorcas alikuwa ameolewa na fundi mwashi, mtu mwema, ambaye alimaliza kujenga nyumba niliyoianza na kumlea mtoto. Simlaumu mtu. Dorcas alitoka, msichana mrefu, akanipa mkono kwa heshima: "Bonjour, tonton." Aliniita mjomba, mimi niliyemzaa! Kamba ile haikuniumiza kifua kama neno lile.

Hata sasa lori la Mambasa likipita, miguu inawasha. Siwadanganyi. Ndipo nakaza mkanda wa suruali yangu na kumwambia Bwana: nifunge Wewe, mimi mikono yangu inafungua.

Na wewe unayecheka kamba inayokufunga kwa mke, na watoto, na kanisa hili, mtumaini Yule aliyeshika ile kamba. Usingoje umalize viazi.

Asubuhi hii mlangoni mwa kanisa Dorcas aliniuliza, "Tonton, juma ijayo utakuwako?"

Nilimjibu, "Nitakuwako."

Akaniambia, "Tutaona," akaenda kukaa na wazazi wake, pale mnapomwona. Namshukuru Mungu kwa neno lile. Niombeeni, ndugu zangu, juma ijayo anione.