Sura Mbaya ni ya Mwenye Filamu

Risala ya kundi la Tuonane Filamu, Kawempe, kwa Mheshimiwa Ayaa, mkuu wa ofisi inayoshughulikia mafaili ya wakimbizi wanaohamishiwa ng'ambo. Msomaji ni Perpétue, katibu wa kundi.

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mama Ayaa. Maafisa mlioongozana naye. Mwenyekiti wetu, Afande mstaafu Lawrence Olanya. Kina mama, kina baba na majirani wote mliojazana humu hadi mlangoni:

KARIBU

Karibu Kawempe, Mama. Wiki sita zilizopita tulikualika uje kuzindua filamu yetu ya tisa, na tulikuandikia risala nyingine kabisa. Ilikuwa nzuri ile. Ilikuwa na ngonjera mwishoni na iliomba projekta, viti hamsini na turubai la mvua. Jumatano tuliichana. Hii unayoisikia imeandikwa na watu ambao hawajalala, kwa hiyo pale heshima itakapopungua utuwie radhi. Tumeshtuka, na mtu aliyeshtuka hapangi maneno.

Aliyestahili kuketi kando yako leo ni Valère Kasereka, mtengeneza filamu wetu. Yuko nyumbani kwake, hatua mia mbili kutoka hapa, mlango umefungwa kwa ndani. Alitukataza kukuambia lolote. Alisema, "Musiende kulia mbele ya mukubwa wa watu." Hatukumtii, na tutamwomba msamaha baadaye.

TULIKOTOKA

Valère alifika Kampala mwaka 2009 akitokea upande wa Beni, Kongo, na begi moja na mkewe Benedicte aliyekuwa mjamzito. Alitembeza vitenge Ntinda, ofisi kwa ofisi, mabega yote mawili yamelemewa, akimwita kila karani shemeji hata pale ambapo hakuna undugu wowote. Alichokusanya kwa mwaka mzima alikipeleka kwa mpiga picha za harusi aliyekuwa anaacha kazi, akarudi na kamera kuukuu. Benedicte hakumsemesha siku nne. Siku ya tano akawa mwigizaji wake wa kwanza.

Sisi wengine tulikuja mmoja mmoja. Nusu yetu ni Wakongo wauza vitenge, washona nguo na wasusi. Nusu ni familia za askari na wanajeshi kutoka kaskazini mwa nchi hii waliopanga vyumba jirani na vyetu. Tulichokutania ni Kiswahili, kila mtu na chake. Mkongo anakivuta, Mwacholi anakikatakata, filamu inakwenda.

Filamu ya kwanza ilikwama siku ya pili tu. Ndani yake kulikuwa na kamanda anayeingia kijijini na kuua watu, na hakuna aliyekubali kuwa kamanda. Wakongo walikataa kwa kuwa kila mmoja ana mtu wake aliyemzika, au ambaye hakupata hata wa kumzika. Watu wa kaskazini wakakataa kwa sababu hiyo hiyo. Tulikaa tunatazamana, jua linazidi kushuka. Ndipo Valère akamkabidhi mwenzetu Heritier kamera, akavua shati, akachukua gwanda.

"Acha, minafanya miye mwenyewe," alisema. "Sura mbaya iko ya mwenye filme."

Tangu siku ile ikawa kanuni yetu. Tumetengeneza filamu tisa, na katika zote tisa muuaji ni Valère. Hata katika ile ya vichekesho, mwizi wa kuku alikuwa yeye.

Kanuni ya pili tuliiweka wenyewe. Filamu zetu hazina majina ya waigizaji, si mwanzoni wala mwishoni. Wakongo tuna ndugu tuliowaacha kule na mafaili yetu yako mezani kwako hapa; hatukutaka mtu atafutwe kwa jina. Wake wa askari nao walikuwa na lao. Amony alituambia wazi, "Mzee yangu akiona jina yangu kwa sinema, mimi nalala nje." Tukakubaliana. Tulijiona werevu sana.

TULIYOYAFANYA

Filamu nane zimekwisha kuonyeshwa katika vibanda vya video vya Kawempe na Nakawa. Mbili zilialikwa kwenye matamasha nje ya Uganda. Valère hakwenda, maana hati zake hazimvushi mpaka. Filamu ilisafiri kwa basi ndani ya bahasha, yeye akabaki anauza vitenge, akiuliza kila jioni kama kuna aliyepiga simu kueleza watu walicheka wapi.

Magwanda ya waasi Esperance aliyashona kwa mapazia, kwa kuwa sare ya kweli ni hatari kwa raia. Bunduki ni za mbao, kazi ya mikono ya Afande Olanya. Siku moja askari wa doria walitusimamisha, naye akawashikisha moja. "Afande, hii hapana bunduki. Hii iko kiti yangu ya zamani." Waliondoka wakicheka, na mmoja wao alirudi baadaye kuomba nafasi ya kuigiza.

Kuna jambo lingine ambalo hatukulitia katika ile risala ya kwanza. Katika kundi hili wapo kina mama ambao miaka mingi hawakuweza kusema yaliyowapata. Mbele ya kamera ya Valère walisema, kwa kisingizio kwamba ni maneno ya filamu. Alikuwa akimaliza kupiga picha, anavua gwanda upesi, anawapikia chai yeye mwenyewe. Jirani mmoja alitazama filamu ya tatu akalia, kesho yake akampelekea Valère sahani ya maharage. Alisema muuaji amekonda mno.

YALIYOTUPATA

Mheshimiwa, hapa ndipo pagumu, na tunaomba usimtafute adui mwingine. Kikulacho ki nguoni mwako. Ni sisi.

Mwezi uliopita, Jumapili baada ya ibada, tulikutana Valère akiwa sokoni Nakawa kuchukua mzigo. Tulitaka filamu ya tisa ijaze watu, tukaamua kumfanyia mshangao wa furaha. Pitshou, fundi wetu wa simu, alikata kipande cha dakika mbili ndani ya filamu hiyo. Ndani yake kamanda anaingia kijijini, anaua watu saba, anaondoka. Tulitoa muziki ili kitishe zaidi. Juu tukaandika: MUUAJI WETU YUKO KAWEMPE, NJOO UMWONE. Siku na mahali tulipanga kuviweka kesho yake, watu wakishapata hamu. Tulipiga kura na mikono yote ilinyooshwa, hata huu ulioshika karatasi hii.

Kufika kesho yake, kipande hakikuwa chetu tena. Kilikuwa katika simu za Goma, za Nairobi, za kambini, na za watu wenye vidonda ambavyo havijapona. Tuliweka tangazo la pili lenye siku na mahali. Nani alilisoma? Valère mwenyewe hakuwa na habari, simu yake ni ya kubonyeza.

Jumanne iliyopita alikuja ofisini kwako kwa usaili wa mwisho. Miaka saba faili hilo limekuwa likisubiri. Alikuja na Benedicte na watoto wanne, nguo zimepigwa pasi, mdogo kabisa mgongoni. Aliitwa ndani peke yake. Afisa akageuza kompyuta, akamwonyesha kile kipande, akamuuliza kama anamfahamu mtu yule.

Valère alicheka. Mama, alicheka kwa furaha ya mtu aliyeona kazi yake imefika mbali. Alisema, "Ni miye kabisa!" Kisha akauliza, "Mumependa?"

Afisa wako aliandika yote. Hatumlaumu. Angeandika nini kingine?

Valère alipoelewa, aliacha kucheka. Alisema ni filamu. Akaulizwa majina ya waigizaji yako wapi, na hayapo. Akaulizwa jina la filamu, nalo Pitshou alikuwa amelikata. Akaambiwa kwamba filamu yaweza kutengenezwa baadaye ili kufunika jambo. Kisha akaambiwa kuwa watu wawili, kila mmoja kwa wakati wake, wamepiga simu na kuapa kwamba wanamtambua. Wote wawili walieleza kitu kimoja: ni yule anayeburuza mguu wa kushoto, ambaye kabla ya kuamua nani afe hujikuna kidevu kwa mtutu wa bunduki.

Faili likagawanywa palepale. Benedicte na watoto wataruka kwenda ng'ambo baada ya siku kumi na moja. Valère anabaki, na atachunguzwa.

Jioni ile Afande Olanya alikwenda kwake. Alimkuta ameketi sakafuni chini ya vitenge vyake, na mlango una alama za mawe ya walioamini kile kipande. Olanya akamwambia, "Hawa watu wawili iko waongo. Tutawatafuta." Valère akatikisa kichwa.

"Hapana, Afande. Si waongo. Bao banamujua ule mutu wa kweli."

Ndipo akasema lile ambalo kwa miaka yote hii hakumwambia hata mmoja wetu. Mwaka 2008 alilala kifudifudi katika shamba la maharage akamtazama mtu mmoja akimuua baba yake. Sura hakuiona vizuri. Aliona mguu wa kushoto unaoburuzwa, na aliona kidevu kikikunwa kwa mtutu. Mwendo ule aliubeba hadi Kampala. Filamu ya kwanza ilipokosa mtu wa kumwigiza kamanda, alijua kwa nini ni lazima awe yeye. Hakutaka mwingine yeyote afundishwe mwendo ule.

"Niliigiza muzuri sana," alimwambia Olanya.

Olanya alipotuletea habari hii Jumatano, hakuna aliyeweza kukaa. Tulisimama tu humu ndani. Miaka kumi na minne tumemtania mtu huyu. Tumemwita Bwana Muuaji mbele ya wanawe. Tulimpigia makofi kila alipojikuna kidevu, tukamwambia rudia, ile imetutisha vizuri, na yeye akarudia. Na wale wawili waliopiga simu ni watu waliolala katika mashamba yao wakaona kile alichokiona yeye. Walimtambua muuaji wa kweli kwa usahihi, ila wamemshika mtoto wa aliyeuawa. Tumeshindwa kujua tulie kwa ajili ya nani kwanza.

TUNACHOOMBA

Projekta hatuitaki. Viti tutaazima kanisani.

Tunaomba faili la Valère Kasereka lifunguliwe tena kabla ya siku kumi na moja kwisha. Tunaomba wale watu wawili watafutwe kwa upole, waletwe mahali watakapochagua wao, waonyeshwe filamu nzima, kisha wakutane na Valère akiwa amevaa nguo zake na anatembea kwa miguu yake. Wasitishwe, na wasiambiwe kuwa wamedanganya. Kama adhabu ipo, tuko hapa tulionyoosha mikono.

Unaona mwenyewe, Mama, tunaomba nini. Tunakuomba utuondolee mtu pekee anayejua kutengeneza filamu. Akiondoka, kundi hili huenda likafa. Basi life, lakini yeye aende na wanawe.

Jana tulikubaliana jambo moja zaidi. Wapo kati yetu wenye mafaili mezani kwako, na Heritier ana kaka kule ambaye bado analala porini. Tulijua tunachokifanya. Leo tunavunja kanuni yetu ya pili, na majina tunayatamka hadharani. Tunaomba waliouawa na Valère katika kipande kile wasimame.

Lawrence Olanya, mzee aliyepigwa risasi mlangoni. Ni huyu.

Amony, aliyeanguka na ndoo ya maji. Mumewe yuko mlango wa nyuma, tumemwona, na leo ameambiwa.

Esperance, aliyekufa amekumbatia cherehani. Gwanda la muuaji wake alilishona mwenyewe.

Heritier, aliyekimbia akapigwa mgongoni. Huyo hapo.

Pitshou, aliyekatwa panga akiomba huruma. Simama vizuri, Pitshou, wakuone.

Mimi ninayesoma, Perpétue, ndiye yule aliyepiga magoti. Mnaisikia sauti yangu.

Wa saba ni mwanamke anayevutwa nje ya nyumba kwenda kuuawa, kitenge kimemfunika uso. Afisa wako alimuuliza Valère mara tatu alimpeleka wapi mwanamke yule, naye alipojibu kuwa ni mkewe, akaambiwa kuwa mke atasema lolote kumwokoa mumewe. Mheshimiwa, saa ile ile mwanamke huyo alikuwa ameketi koridoni kwako, ananyonyesha. Benedicte, dada yetu, inuka na mtoto wako.

Mungu anayeitwa kwa majina mengi mitaani hapa akupe jicho la kutazama mara ya pili, akurudishe nyumbani salama, na asikuache ulale hadi umelifungua faili hili.

Ni sisi, Tuonane Filamu wa Kawempe, marehemu saba, tumesimama mbele yako.