Posta Iliruka Jana

Basi lilikuwa nusu tupu, lakini Bi Borghild alikuja kuketi ubavuni mwa kijana asiyemjua. Huku kwetu mtu hafanyi hivyo ila awe na jambo lililomshinda. Mimi nyuma yao nikajifanya natazama theluji.

"Leo mchana namzika mume wangu," alisema, "na gazeti lenye tangazo la kifo halijafika majumbani. Posta siku hizi inaleta leo, inaruka kesho. Jana iliruka."

Kijana akavua kofia. "Pole, mama. Lakini gazeti si limo kwenye simu? Watu washasoma."

"Watu gani, wewe? Wenzake marehemu Asbjørn ni wazee wa kukata miti. Wanafungua ukurasa wa vifo kabla hata ya kuonja kahawa, na wanaufungua wa karatasi."

"Basi ungewapigia."

"Niwapigie kuwaita kwenye maiti? Kwetu tangazo ndilo linaloita. Ukimpigia mtu, atadhani umemshika mkono kwa nguvu."

"Mama nawe! Si heri umshike kuliko asijue?"

Bi Borghild aliminya mkoba wake. "Nimeoka keki za kujaza ukumbi," akasema taratibu. "Mchungaji ataniuliza tuanze au tusubiri. Nimwambieje?"

Basi likasimama mbele ya kanisa. Uwanja wa kanisa ulikuwa mweupe, haujakanyagwa na gurudumu hata moja. Bi Borghild alipokuwa akishuka, gari la posta likatupita polepole, likapanda mlimani kupeleka magazeti yake majumbani.