Madam Nanjala Hajamaliza

Tarehe 31 Julai 2003, Mwalimu Margaret Nanjala anastaafu baada ya miaka ishirini na minane ya kufundisha Kiingereza, kumi na miwili ya mwisho ikiwa hapa kwetu Kitengela. Tume ya walimu imeshamwandikia kwamba utumishi wake umefika mwisho. Yeye anasema tume ijisemee yenyewe. Kuna kazi moja hajamaliza, na kazi hiyo, kwa bahati mbaya, ni mimi.

Naitwa Celine, niko Form Four. Kwa kawaida wasifu kama huu huandikwa na mwalimu mwenzake. Walimu waliombwa mmoja mmoja, na kila mmoja akakumbuka ghafla kwamba ana mitihani ya kusahihisha. Ukweli ni kwamba wanaogopa kalamu yake nyekundu. Mwaka jana alisahihisha kadi ya harusi ya mwalimu wa jiografia, akamrudishia ikiwa na alama kumi na moja kwa ishirini, halafu akaenda harusini na blanketi zuri sana. Ndiyo maana Mwalimu Mkuu, Bwana Mwololo, aliamua wasifu uwe kwa Kiswahili. Alisema huko Madam hana mamlaka.

Madam alizaliwa Kimilili. Kazi aliianzia Loitokitok, ambako wazazi walimletea nyanya na vitunguu kutoka shambani. Anasema sisi wa Kitengela tunamletea visingizio tu. Alihamia hapa mwaka wa 1991, shule ikiwa madarasa manne na uwanja ambao wanafunzi waligawana na nyumbu. Siku ya kwanza alikuta nyumbu wawili wamesimama mlangoni mwa Form One, na inasemekana aliwauliza mbona hawajavaa sare. Sisi hatukuwepo, lakini tunavyomjua, tunaamini.

Ndiye aliyeanzisha chama cha mijadala. Ndiye aliyeomba kontena kuukuu, akalipaka rangi, akalifanya maktaba. Ukiingia humo saa nane mchana unasoma haraka, kwa sababu linachoma kama jiko.

Lakini aliyepita mikononi mwake atamkumbuka kwa maneno mawili: "end" na "finish". Wengine husema maneno hayo ni ndugu. Madam anasema hata mbwa na fisi wanafanana, lakini mmoja tu ndiye unayemwachia boma. Kwake, kitu kina-"end" chenyewe saa yake ikifika, hata kama wewe umekaa hapo ukitafuna kucha. Ku-"finish" ni lazima mtu atoe jasho. Mvua ya Aprili huisha. Nguo chafu haziishi zenyewe; kuna mtu amezimaliza, na kwa kawaida ni mama yako.

Siku moja Bwana Mwololo alitangaza paredini kwamba "we have finished the term". Madam akasimama mbele yetu sote.

"Bwana Mkuu, term imeisha yenyewe. Wewe umemaliza nini?"

Bwana Mwololo alifikiria. Akasema amemaliza choo cha wasichana.

"Bado mlango," akasema Madam, akaketi.

Kengele nayo aliichukulia kama habari, si amri. Mzee Musila, anayegonga kile kipande cha reli tunachokiita kengele, alikuwa akija mpaka dirishani. "Madam, nimegonga." Naye alijibiwa, "Nimesikia, mzee. Wewe umemaliza yako, niachie yangu." Tulikosa chai nyingi sana. Tumemsamehe, ingawa si sote.

Halafu kuna sheria yake ya mbio za nyika, ambayo sijawahi kusikia shule nyingine ikiwa nayo: chakula hakifunuliwi mpaka mkimbiaji wa mwisho avuke mstari. Si mshindi. Wa mwisho. Mwaka juzi huyo alikuwa Mulinge, kijana mpole ambaye hata kwenda kwa chai hutembea kama anafuata jeneza. Wageni walikaa hemani wakinusa pilau. Upepo wetu mnaujua. Kila mmoja alikuwa ameshakula vumbi la kutosha. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Saning'o, akashindwa kuvumilia.

"Madam, mbio si zimeisha? Mshindi ameoga, hata nywele amechana."

"Zimeisha, mzee. Hazijamalizwa. Mulinge bado yuko njiani."

"Na kama ameliwa na simba?"

"Basi tutamngoja simba avuke mstari."

Mulinge alifika jua likielekea Ngong, kiatu kimoja mkononi. Alipigiwa makofi kumshinda mshindi, kwa sababu sasa tungekula. Lakini mimi nilimwona usoni. Hakujua makofi ni ya pilau. Tangu siku hiyo anatembea haraka kidogo.

Sasa nirudi kwa shida iliyoko. Mwaka huu Madam aliapa kwamba kila mtu wa Form Four atasimama mbele ya darasa na kuongea, juu ya chochote, mpaka aseme alichokuja kusema. Wote wamesimama. Mwenzangu Sheryl aliongea juu ya nywele zake mpaka kipindi cha hesabu kikamezwa, tukamshukuru. Mimi nimesomeshwa lugha mbili, na nikisimama mbele ya watu zote mbili hunitoroka. Kila zamu yangu ilipofika nilisimama, nikaangalia dari, nikaketi. Mara ya mwisho niliomba ruhusa ya kwenda chooni, kile kisicho na mlango, nikakaa huko. Madam hakunigombeza hata siku moja. Alisema tu, "Bado. Tutarudi."

Julai ikaingia. Mbuzi wa sherehe ya kumuaga Madam akanunuliwa, akafungwa nyuma ya jikoni. Ndipo Madam akawaambia walimu kwamba haji. "Siagwi nikiwa na mtoto mmoja njiani," akasema. Bwana Mwololo alimbembeleza, bodi ikambembeleza. Hakusonga. Basi Bwana Mwololo akapata wazo, la kwanza kubwa tangu choo: wasifu uandikwe na Celine, na Celine ausome mwenyewe, mbele ya wazazi, walimu na bodi.

Nililia. Nilimwambia mama nahama shule. Akaniuliza, "Kwani maneno yanauma? Huyo Madam amekungojea mwaka mzima, na wewe unamwonyesha mgongo?" Shuleni Sheryl naye akaleta yake: "Zii, hiyo haihesabiki! Ni Kiswahili!" Darasa likagawanyika, kesi ikapelekwa kwa Madam mwenyewe. Alivua miwani, akaifuta.

"Sikusema asimame kwa Kiingereza. Nilisema asimame."

Kwa hivyo nimesimama. Walioketi nyuma wananiambia nipaze sauti. Napaza.

Madam, kwa niaba ya wote uliowanyima chai, asante. Asante kwa kontena, kwa wino mwekundu, na kwa kutuzoesha kwamba kuna mtu hataondoka kabla hatujafika. Nenda Kimilili ukastarehe, upande mahindi yako, uwasahihishe majirani polepole. Mungu akupe afya na miaka mirefu, iliyojaa wageni wanaokuja mapema.

Nimesema nilichokuja kusema. Umemaliza, Madam. Sasa naketi.