Githeri ya Kumwonyesha Mama Mkwe

Benchi la Muteti liko nyuma ya stendi ya bodaboda, Kitengela, pale lami inapochoka na vumbi kuchukua zamu. Ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya mawe mawili, na mtu wa mwisho huu akiinuka ghafla, wa mwisho ule anakwenda chini na kikombe chake; ndiyo maana wateja wa hapo wamejifunza kuagana mapema. Kahawa ni ya birika, chungu, haina maziwa wala huruma. Ijumaa hiyo ya mwezi wa nane baridi ilikuwa imelala juu ya mabati kama mgeni asiyejua kuaga, na benchini walikuwepo watatu. Oscar, aitwaye Daktari kwa kuwa anauza dawa za mifugo na hajawahi kukikataa cheo hicho. Kasaine, aitwaye Bauza kwa sababu ya lori lake la maji. Na Muturi, fundi wa mageti, aitwaye Chuma, ambaye tangu mwezi wa nne, alipomzika mkewe Resian, hajawahi kumaliza kikombe.

Asubuhi hiyo Muturi alikuja na mkebe wa plastiki. Akaufungua, akauweka katikati ya benchi.

— Onjeni, akasema.

Oscar alichota kijiko kimoja cha mahindi na maharagwe, akatafuna mara mbili, akaacha kutafuna. Alitazama barabara, akatazama mbingu, mwisho akameza kama mtu anayetimiza ahadi.

— Chuma, hii ni githeri ama ni sabuni ya kipande?

— Ni githeri.

— Mahindi imekuwa manjano hivi kama meno ya mvuta kiko! Uliweka nini?

— Magadi.

— Kiasi gani?

Muturi akakunja ngumi, akaionyesha.

— Ngumi ya mtoto? akauliza Kasaine kwa matumaini.

— Yangu.

Muteti aliliweka birika chini taratibu, kama mtu aliyesikia habari za msiba.

— Ndugu yangu, akasema, magadi inashikwa na vidole viwili. Viwili! Wewe ulikuwa unapika ama unafua?

— Nilifikiri kama kidogo inalainisha, nyingi italainisha haraka. Makaa imepanda bei.

Hiyo ndiyo akili ya mtu wa kuchomelea: ongeza moto, kazi iishe. Kwenye geti inafanya kazi. Kwenye sufuria, povu lilikuwa limepanda hadi kifunikoni, na Kui, binti yake wa miaka tisa, alikuwa ameonja kidogo akasema kwa heshima zote, "Baba, inateleza." Mdogo wake Naserian, wa miaka sita, alibeba sahani yake akampelekea mbwa wa jirani, na mbwa yule, ambaye siku moja aliwahi kula kiatu kizima, alinusa githeri ile akapiga chafya, akaenda kulala.

Walicheka. Hata Muturi alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo. Kicheko kikakatika chenyewe, kwa sababu wote walijua kesho ni Jumamosi.

Habari zilikuwa zimeletwa na Allan, shemeji yake Muturi, kwa simu. Mama yake Resian angekuja Jumamosi kutoka Illasit. Angekaa na watoto mchana kutwa, angekula wanachokula. Akiona wanaendelea vizuri, atarudi peke yake. Akiona wamekonda, atarudi nao, na shule watasomea huko. Allan alisoma maneno hayo kama mtu anayesoma barua ya chifu, mwisho akaongeza kwa sauti ya chini, "Pole, Muturi. Mimi nimetumwa tu." Mama mwenyewe asingeweza kumpigia. Kwao Wamaasai mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawaketi kiti kimoja, wala hawaambiani jambo uso kwa uso. Jambo lolote hupitia kwa mtu wa tatu.

— Na watoto wamekonda? akauliza Muteti.

Muturi alikiangalia kikombe chake.

— Sketi ya Kui nimeitia pini.

Upepo ukapita. Kasaine akajikohoza.

— Haya, githeri ndiyo kesi yetu, akasema. Kesho ni kesho. Tuisaidie hii familia.

— Dawa ni rahisi sana, akaanza Oscar, na walipomsikia akisema "dawa" wengine walishikilia vikombe vyao. Maharagwe ya dukani ni ya zamani. Yamelala usingizi mzito kwa gunia mwaka mzima. Unayaloweka usiku, asubuhi unamwaga hayo maji, unachemsha. Yakichemka, unatia Panadol mbili.

— Panadol ya nini? akauliza Kasaine. Yako na homa?

— Inalainisha! Mbona nyama ya hoteli inaiva kwa dakika kumi? Wewe hujiulizi?

— Mimi nilidhani ni njaa yangu ndiyo inafanya isionekane ngumu.

— Chuma, usitilie watoto Panadol kwa chakula, akasema Muteti. Huyo ni daktari wa mbuzi.

— Na mbuzi wangu hawajawahi kulalamika!

Kasaine aliinua mkono kama mtu wa bunge.

— Sikizeni mimi. Msumari. Msumari wa inchi sita, mpya, uoshwe, utiwe ndani ya sufuria. Chuma kinavuta moto kinaupeleka katikati. Nyanya yangu alikuwa anafanya hivyo. Na huyu yuko na misumari kama mchanga!

— Nyanya yako alikufa na miaka ngapi? akauliza Muteti.

— Tisini na kitu.

— Na meno?

— Meno hakuwa nayo.

— Basi angejuaje kama yameiva?

Kasaine hakutishika. Mtu anayeendesha bauza ya maji Kitengela amezoea kutukanwa na kila nyumba ambayo tangi limekauka.

— Sawa, tuachane na msumari. Kuna injini. Mimi nimechemsha mayai juu ya injini ya lori kutoka hapa mpaka Kiserian. Nikifika, yameiva, ganda linatoka lenyewe. Lete hiyo sufuria tuifunge na waya. Nikienda na kurudi mara mbili, githeri iko tayari na hujanunua makaa hata ya kutia mfukoni.

— Na ikinuka dizeli?

— Inanuka kidogo. Unasema ni chakula cha kuchoma.

— Mimi bado niko na ile dawa ya ng'ombe aliyevimbiwa, Oscar akaingilia, macho yamemng'aa. Fikiria. Ng'ombe anakula majani makavu, mabua, hata gunia, na yote inalainika. Nini inalainisha? Tumbo! Sasa tukichukua kijiko kimoja tu...

— Daktari, Muteti akamkata, funga duka.

Yeye mwenyewe Muteti alikuwa na mawazo yake. Kwao Ukambani, alisema, tatizo si maharagwe, ni mwanamume. Mwanamke anaweka sufuria motoni anaenda shambani. Mwanamume anafunua kila baada ya dakika mbili kama anayemvizia mwizi, na kila akifunua, moto wa makaa ya shilingi ishirini unatoka mlangoni. Dawa ni kuweka jiwe juu ya kifuniko na kumpa mtu mwingine amri ya kulilinda. Mama yake aliweka jiwe, na watoto tisa walikua wakilitazama jiwe hilo kuliko walivyomtazama baba yao.

Muturi aliwasikiliza wote kwa makini, na hiyo ndiyo iliyokuwa huzuni yenyewe. Mtu mzima wa miaka arobaini na sita, aliyefunga mageti ya nusu ya mtaa, alikuwa anatikisa kichwa kukubali habari za injini ya lori.

— Resian hakuwa anaweka jiwe, akasema.

Akakizungusha kikombe chake mkononi.

— Alikuwa anachemsha nusu saa tu. Kikopo kimoja cha makaa. Halafu anaitoa sufuria inachemka hivyo hivyo, anaizika kwa lile kapu kubwa lililojaa matambara, anaifunga na shuka, anaenda kazini. Jioni anafungua, imeiva yenyewe. Mabua ya sukuma alikuwa anakatakata anatia kwa hiyo supu. Hakuna kitu alikuwa anatupa. Hata maji ya kuoshea mchele nilikuta siku moja anamwagilia dania.

— Kapu liko wapi? akauliza Muteti.

— Liko.

— Matambara?

— Iko.

— Basi si ufanye hivyo hivyo? Hapo huhitaji Daktari wala Bauza.

— Shuka niliitoa, akasema Muturi. Iko kitandani, upande wake.

Oscar alifungua mdomo, akaujaza kahawa.

Hapo ndipo mama mmoja alipotokea, akitoka upande wa stendi. Alikuwa mrefu, amejifunga shuka ya bluu, shanga shingoni, raba za kiume miguuni, begi kubwa la safari begani na kibuyu cha maziwa mkononi. Alikuwa anatembea kama watu wanaotembea mbali, bila kuharakisha na bila kusimama. Muturi aliuona mwendo huo kabla hajauona uso. Ulikuwa mwendo wa Resian.

Akainuka. Kwa bahati alikuwa amekaa katikati, la sivyo Daktari angeanguka. Alirudi nyuma ya benchi, akalipa benchi mgongo, akakodolea macho ukuta wa duka la mbao kama mtu aliyeandikiwa kitu pale.

Mama alimwona. Alihamisha macho papo hapo, akayapeleka kwa Kasaine.

— Takwenya, Yeiyo, Kasaine akamwamkia kwa Kimaa, kama mtu anavyomwamkia mama yake.

— Iko, mama akaitikia salamu.

— Karibu ukae. Umetoka mbali?

— Illasit.

Akaketi mwisho wa benchi, akashusha begi. Muteti akampa kahawa. Kasaine aliangalia begi, akaangalia mgongo wa Muturi, na kahawa ikamwendea njia mbaya. Alianza kukohoa. Oscar, ambaye hajawahi kuelewa kikohozi cha mtu mwingine, aligeukia mgeni kwa furaha.

— Illasit! Basi mama umekuja saa nzuri, wewe utatusaidia. Huyu rafiki yetu hapa nyuma, mama mkwe wake anatoka huko huko. Anakuja kesho kumnyang'anya watoto.

— Daktari, akasema Kasaine.

— Ngoja. Mama mkali huyo! Wanasema hata ng'ombe zake zinaomba ruhusa kabla ya kulia. Sasa huyu maskini anataka kumpikia githeri, na ile alipika, mama, samahani, unaweza kuoshea gari.

— Daktari!

— Nini? Mama, onja ujionee.

Mama aliuchukua mkebe. Alichota, akaonja, akatafuna polepole mpaka mwisho, akameza.

— Magadi, akasema.

— Ngumi nzima! akashangilia Oscar.

— Na nyinyi mumemwambia nini?

Wakaeleza, mmoja akimsukuma mwingine, maana Oscar alikuwa ameshaanza na haikuwezekana kumzima. Panadol. Msumari. Injini mpaka Kiserian. Jiwe. Nyuma yao Muturi alisimama, masikio yamewaka moto, akisikia maisha ya nyumba yake yakisimuliwa mbele ya mtu mmoja duniani ambaye hakutaka ayasikie. Hakuweza kuondoka, hakuweza kugeuka, hakuweza hata kukohoa.

Mama alisikiliza mpaka mwisho. Hakucheka. Kisha akawauliza wao watatu, wala hakuelekeza uso nyuma:

— Hao wasichana. Ni chakula gani wakipewa, wanarudisha sahani wakitaka kuongezwa?

Oscar alimtazama Kasaine. Kasaine alimtazama Muteti. Muteti aliitazama kahawa.

Muturi alitafuta. Alizirudia jioni, moja baada ya nyingine, miaka tisa yote, akitafuta sahani inayorudi. Kila jioni aliyoipata ilikuwa ile ile: anaingia saa mbili na nusu, watoto wamelala, chakula chake kimefunikwa kwa sahani juu ya sufuria ya maji moto, Resian anamwambia nawa mikono. Alikijua chakula chake kwa ladha na kwa joto. Watoto wake hakuwahi kuwaona wakila. Tangu mwezi wa nne amewaona wakiacha.

— Bauza, akasema hatimaye, macho bado ukutani. Mwambie mama kwamba sijui.

Oscar aligeuka upesi, akamwona Muturi, akamwona mama, akaona vile wawili hao walivyokuwa wamekwepana macho, na rangi ikamtoka. Kikombe chake kikaenda chini chenyewe.

— Yeiyo, anasema hajui, akasema Kasaine kwa sauti ndogo.

— Nimesikia.

Mama alikaa akishika kikombe kwa mikono miwili.

— Mwambie mimi pia sijui, akasema. Wakikuja kwangu Krismasi, mama yao ndiye alikuwa anawapikia. Mimi nilikuwa napewa wajukuu wameshiba. Nimekuja leo, sikungoja kesho, nimuulize yeye kabla sijawapikia. Nilifikiri baba yao anajua.

Pikipiki moja ilipita, vumbi likapanda, likashuka kwenye vikombe, na hakuna aliyekifunika chake.

— Mwambie wako kwa Phylis, jirani yetu, akasema Muturi. Nyumba ya tatu, geti la kijani. Tukawaulize wenyewe.

Kasaine akayarudia, ingawa maneno yalikuwa yameshafika. Mama akainuka, akachukua kibuyu chake. Muteti alijikaza kumwinulia begi, maana lilikuwa kubwa na lilitoka mbali, akalivuta kwa nguvu za mtu anayetarajia mzigo, nusura aanguke kinyumenyume. Halikuwa na kitu. Lilikuwa begi tupu, limekunjuka lote, zipu wazi, la kutosha nguo za watoto wawili.

Wote waliliona. Hata Daktari alilielewa.

Muturi alizunguka benchi, akalichukua begi mkononi mwa Muteti. Akangoja mama atangulie hatua kumi, kama adabu inavyotaka, kisha akamfuata, akilibeba yeye mwenyewe.