Nafasi ya Kofia

Mwaka wa arobaini na tisa, kwenye tramu ya Detroit, Wojcik, anayefinyanga kwa udongo vielelezo vya magari mapya kabla hayajaundwa, alimgeukia jirani yake wa kiti, mhandisi aitwaye Hadley. "Kila tukishusha paa, nyie wahandisi mnalipandisha. Gari linabaki kama kabati." Mimi nyuma yao, nisiye na hata baiskeli, nikatega sikio.

"Sasa mtu akae na kofia yake wapi?" akauliza Hadley.

"Si aivue, bwana. Kwani imemwota kichwani?"

"Baba yangu hajawahi kuendesha kichwa wazi. Na wanunuzi ndio hao."

"Basi wajengeeni kanisa lenye magurudumu."

Tramu ikasimama. Hadley akatangulia kushuka, upara wake uking'aa juani. Wojcik akafuata. Kofia yake ikagonga juu ya mlango, akainama, hakuivua.